Windows ya wizi, Mac ya bosi na Linux ya ukutani: kisa cha ofisi moja ya kliaringi Mombasa

Ofisi ninayoieleza ni ya kliaringi na fowadingi, yaani kuwatolea watu mizigo yao bandarini na forodhani, iko ghorofani Moi Avenue, mwendo mfupi kutoka Mapembeni. Jina silitaji. Mwenyewe alikubali kisa kiandikwe kwa sharti hilo, na kusema kweli jina halina haja, maana ofisi za aina hii zimejaa mjini na zote zimefanana. Ina watu sita. Ina kompyuta tano za Windows 10, moja kuukuu ya Windows 7 iliyobakizwa kwa ajili ya printa ya kugonga inayochapa fomu za nakala nyingi, Mac moja ya bosi, ruta moja, na kamera nne za ulinzi ambazo bosi huzitazama kwa simu akiwa nyumbani.

Jumatatu moja ya Septemba 2025 walifika kazini wakakuta kila kilichokuwa kwenye folda ya pamoja kimeongezewa mkia wa ajabu kwenye jina na hakifunguki: hati za shehena, invoisi, hesabu, nakala za vitambulisho na za PIN za kodi za wateja. Kila folda ilikuwa na barua ya Kiingereza ikidai fidia kwa bitcoin. Wakati huohuo kulikuwa na makontena yanayosubiri makaratasi, na kontena likishapita siku zake za bure, storeji na demareji huhesabiwa kwa dola bila kuuliza kompyuta yako imepatwa na nini.

Niliitwa kuokoa kitakachookoka. Lakini bosi alikuwa na lake jingine, na hilo ndilo linaloandikiwa hapa.

"Mwanangu," aliniambia, "si nyinyi mafundi mnaosema Windows ndiyo yenye kushika virusi? Basi nizitoe zote. Ninunue Mac, au mnitilie huo mfumo wa bure, Linux. Ipi salama?"

"Ami, nipe nafasi kwanza nijue mwizi kapita wapi. Nikikutajia jina sasa hivi nitakuwa nabahatisha."

Njia aliyopitia

Ilianza Ijumaa jioni. Kijana anayetayarisha entri za forodha alipokea barua pepe iliyojidai imetoka kwa wakala wa meli, yenye arifa ya kuwasili kwa shehena. Barua kama hizo hupokea kutwa nzima. Ndiyo kazi yake. Kiambatisho kilikuwa faili ya ISO, yaani picha ya diski. Ukiibofya, Windows huifungua kama vile umetia CD. Ndani kilionekana kitu kimoja tu chenye alama ya PDF. Haikuwa PDF. Ilikuwa njia ya mkato, na njia ile iliamsha programu iliyofichwa pembeni yake. Watu husema kijana angetazama mkia wa jina. Angeutazama wapi? Kwa kawaida Windows huficha mikia ya aina za faili inazozijua, na mkia wa njia ya mkato hauonekani hata ukiiambia ionyeshe mikia yote.

Mtindo huu wa ISO una asili yake. Kwa miaka mingi mlango wa wahalifu ulikuwa makro za Ekseli na Word, yaani vijiprogramu vinavyokaa ndani ya hati yenyewe. Hapa kwetu makro zilipata baraka zaidi, kwa sababu kuna fomu za ritani za kodi za Ekseli ambazo bila makro kitufe cha kuhakiki hakifanyi kazi, kwa hiyo mhasibu yeyote amezoea kubofya "ruhusu" bila kufikiri. Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba makro za faili zinazotoka intaneti zitazuiwa zenyewe. Wahalifu wakahamia kwenye ISO, na sababu yao ilikuwa ya kiufundi kabisa. Faili ikishuka kutoka intaneti, Windows huipiga chapa isiyoonekana, na chapa hiyo ndiyo inayoleta onyo unapotaka kuifungua. Vilivyomo ndani ya ISO havikuirithi chapa. Vilipita kimya. Microsoft iliziba tundu hilo Novemba 2022.

Tarehe hiyo ishikeni. Kompyuta ya kijana ilikuwa haijapokea sasisho lolote tangu mapema 2022.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Akaunti ya kijana ilikuwa ya msimamizi mkuu, kama zilivyo akaunti zote za ofisi hiyo. Folda ya pamoja ilikuwa wazi kwa kila mtu, kusoma na kuandika, bila paswadi. Hadi diski ya nakala za akiba ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mhasibu mwaka mzima, ikionekana kama folda nyingine tu, nayo ikafungwa kwa msimbo pamoja na vile ilivyopaswa kuvilinda. Programu ilifanya kazi yake Jumamosi na Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa.

Kuna mawili yaliyomshangaza bosi. La kwanza, Mac yake haikuambukizwa, na bado faili alizozitumia kila siku kwenye Mac hiyo zilikuwa zimekwenda. Zilikuwa zikikaa kwenye folda ya pamoja. Mac ilikuwa dirisha la kuzitazamia tu. La pili, kompyuta dhaifu kuliko zote, ile Windows 7 ambayo Microsoft iliacha kuitunza 14 Januari 2020, ilisalimika bila kuguswa. Ilikuwa imezimwa swichini.

Watu wa bandari wanakijua kisa kinachofanana na hilo. 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya vilitoka Ukraine, vikiwa vimepenyezwa kwenye sasisho la programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc, na kabla ya siku kwisha vilikuwa vimeiangusha Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena, meli zikielea na malango ya magati yake yakiwa hayajui kontena lipi ni la nani. Kampuni ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zilizoshika rejista ya watumiaji wake zilifutika dunia nzima isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana, kwa kuwa stima ilikuwa imepotea huko na seva hiyo haikuwa mtandaoni virusi vilipokuwa vinapita. Tunaoilaani stima ya Mombasa tuna cha kufikiria.

Lakini NotPetya ina funzo jingine lenye uzito zaidi kwa swali la bosi. Ilitumia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilitolewa 14 Machi 2017, miezi mitatu kabla. Ikaongeza hila: ilichota paswadi za wasimamizi kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja, ikazitumia kuingia kwenye nyingine, hata zile zilizosasishwa. Mashine zote zilikuwa za mfumo mmoja, na msimamizi wa moja alikuwa msimamizi wa nyingi. Nilipokuja kutoa ushauri, hilo sikulisahau.

Windows ambayo haikuwapo

Mbona kompyuta ya kijana ilikaa miaka bila sasisho? Na antivirasi ilikuwa wapi, ilhali Windows 10 huja na Defender ndani yake, bure?

Kompyuta zile zilinunuliwa mjini kama ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, nzuri tu, imara, na muuzaji akazitia Windows na Office kwa kraki. Anayejua kraki anajua maelekezo yake. Kwanza zima antivirasi, kwa sababu itakiona kifaa cha kuvunjia leseni kuwa ni virusi, na mara nyingi haikosei. Kisha zima masasisho, yasije yakaiondoa kraki. Hayo yakishafanyika hakuna anayerudi kuviwasha. Kwenye kompyuta zote tano Defender ilikuwa imezimwa na huduma ya masasisho imekatwa kabisa.

Kwa hiyo anayesema "Windows imeshindwa" hapa ananena juu ya mfumo ambao haukuwapo uwanjani. Windows 10 iliyosasishwa ingekipiga chapa kile kilichomo ndani ya ISO na onyo lingetokea. Defender ingekuwa na nafasi nzuri ya kuikamata programu yenyewe. Siapi kwamba ingeikamata. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na vizuizi viwili vilivyolipiwa na mtengenezaji, na vyote viwili viliondolewa kwa mkono kabla mashine haijatoka dukani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaolinganisha mifumo. Majedwali yao hulinganisha Windows ya boksi, macOS (mfumo wa Mac) ya boksi na Linux ya boksi. Mombasa, na miji mingi ya namna yetu, Windows ya boksi ni adimu. Mac huja na mfumo wake na masasisho yake ni bure, hakuna wa kuvunja chochote. Linux ni bure tangu mwanzo. Kati ya hiyo mitatu, Windows ndiyo pekee inayoibwa, na wizi wenyewe ndio unaoivua nguo. Tofauti kubwa ya usalama kati ya mifumo hii kwenye ofisi zetu, kwa maoni yangu, ni ya leseni kabla haijawa ya ufundi. Sijaona ikiandikwa hivyo mara nyingi, labda kwa sababu wanaoandika hununua leseni.

Ufundi nao una sehemu yake, na bosi alistahili kuelezwa. Windows ya familia ya NT, mama wa Windows za leo, iliyotoka 1993, ilikuwa na ruhusa za faili zilizopangika vizuri tangu mwanzo. Kilichoharibu ni mazoea: Windows XP ya 2001 ilimpa mtumiaji wa nyumbani usimamizi mkuu tangu siku ya kwanza, na waundaji wa programu wakaandika kana kwamba kila mtu ni mkuu. Vista ya 2007 ilileta dirisha la kuomba idhini, watu wakalichukia, na mpaka leo mafundi hulizima ili mteja asisumbuke. Unix kwa upande wake ilianza 1969 huko Bell Labs, maabara ya Marekani, na mapema ikawa mfumo wa watu wengi kwenye mashine moja, kwa hiyo kumtenga mtumiaji na mfumo ni jambo lililo kwenye msingi wake. macOS na Linux zimerithi hulka hiyo. Huo urithi ni wa kweli na una faida.

Ingekuwa Mac

Tuirudie Ijumaa ile, kijana akiwa na Mac. Faili ya ISO ingefunguka, njia ya mkato ya Windows ingebaki kitu kisichojulikana, na kisa kingekwisha. Ni ushindi, ila ni ushindi wa kutolengwa. Silaha ilitengenezwa kwa ajili ya Windows kwa sababu Windows ndiyo iliyoko mezani kwa wahasibu wengi duniani.

Ingekuwa imeilenga Mac, mambo yangekuwaje? Kuna vizuizi vyema. Programu iliyoshuka kutoka intaneti hukaguliwa saini yake, na tangu Catalina, toleo la macOS la 2019, hutakiwa iwe imepitishwa na Apple kabla ya kufunguka kwa ulaini. Programu ikitaka kuingia kwenye folda ya hati zako, macOS hukuuliza. Hilo la mwisho ni muhimu sana kwa virusi vya kudai fidia, na nitalirudia.

Lakini Mac nazo zimewahi kupigwa. Mwaka 2012 Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kwa kutumia tundu la Java, programu ya kampuni ya Oracle. Oracle ilikuwa imeliziba Februari; Apple, iliyokuwa ikisambaza Java yake yenyewe, ilichelewa hadi Aprili. Novemba 2017 iligundulika kwamba kwenye High Sierra, toleo jingine la macOS, uliweza kuingia kama mkuu wa mfumo kwa kuandika "root" na kuacha nafasi ya paswadi tupu. Apple iliziba haraka, lakini tundu la namna hiyo hata kwa XP lingekuwa aibu. Na tangu 2023 kuna Atomic Stealer, programu inayokodishwa kwa wahalifu, ambayo humwonyesha mtumiaji dirisha bandia la kuomba paswadi yake kisha huchota paswadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Haitafuti tundu, humwomba mtu afungue. Kijana aliyebofya arifa ya shehena kwenye Windows angeiandika paswadi yake kwenye Mac, na sioni sababu ya kumlaumu.

Ukweli mwingine ni wa mfuko. Mac tano kwa ofisi ya watu sita, ilhali programu yao ya hesabu imeandikwa kwa Windows. Bosi alipofanya hesabu mwenyewe, mjadala wa Mac ulikufa bila msaada wangu.

Ingekuwa Linux

Linux ndiyo iliyomvutia zaidi, kwa neno "bure". Mimi mwenyewe naitumia na ninaipenda, kwa hiyo nilijilazimisha kuisema kwa ubaya kwanza.

Ruhusa za Unix zinalinda nini? Zinaulinda mfumo dhidi ya mtumiaji, na mtumiaji mmoja dhidi ya mwingine. Hazizilindi hati zako dhidi ya programu uliyoiendesha wewe mwenyewe, kwa kuwa programu hiyo inafanya kazi kwa jina lako na hati ni zako. Ni sawa na jumba la kupanga lenye askari mkali mlangoni mwa chumba cha pampu na mita za stima, huku milango ya wapangaji haina komeo. Virusi vya kudai fidia havina haja na chumba cha pampu. Vinataka invoisi, na invoisi ziko kwa mpangaji. Ndiyo maana lile dirisha la macOS linalouliza kabla ya kuigusa folda ya hati lina maana, na ndiyo maana Windows nayo tangu 2017 ina kinga ya folda inayozuia programu ngeni kubadilisha faili, ingawa huja imezimwa na sijakutana na ofisi iliyoiwasha yenyewe. Linux ya mezani ya kawaida haina kinga ya namna hiyo kwa kila programu. Katika jambo hili simu ya Android ya kijana, ambayo moyo wake ni Linux, imeipita kompyuta: kila programu ya simu hupewa utambulisho wake na kifungo chake, haioni za mwenzake.

Wanaodai kwamba Linux haiguswi na virusi vya fidia wakumbuke Juni 2017, mwezi uleule wa NotPetya. Kampuni ya Korea Kusini iitwayo Nayana, inayohifadhi tovuti za wateja, ilifungiwa seva 153 za Linux na virusi viitwavyo Erebus, na ikakubali kulipa takriban dola milioni moja.

Na ile hoja kwamba msimbo ukiwa wazi macho mengi yataona kila kosa? Tundu la PwnKit lilikaa kwenye Linux nyingi tangu 2009 hadi Januari 2022. Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo karibu kila Linux, ukiwa umewekwa na mtu aliyejenga uaminifu kwa miaka. Aliyeugundua ni Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Mwajiri wake wakati huo alikuwa Microsoft. Macho mengi yapo, lakini siku ile lilikuwa jicho moja, na lilikuwa linatafuta jambo jingine.

Upo pia mchezo wa kuhesabu matundu: mfumo fulani ulikuwa na matundu mangapi mwaka jana, mwingine mangapi. Nimeuacha kando. Tangu Februari 2024 waundaji wa kiini cha Linux hujitolea wenyewe namba za matundu, nao huipa namba karibu kila dosari wanayoirekebisha. Idadi ikapanda ghafla, na usalama wa Linux ulikuwa uleule wa jana yake.

Basi uzuri wake uko wapi? Kwanza, kiambatisho kile kisingefanya lolote, kwa sababu ileile ya Mac. Pili, programu hutoka ghala moja lenye saini, hivyo mtumiaji hana desturi ya kushusha vitu kutoka tovuti za kubahatisha. Tatu, amri moja husasisha mfumo na programu zote pamoja. Nne, na kwa ofisi hii ndilo kubwa, hakuna kraki, kwa hiyo hakuna anayekuja kuzima ulinzi ili kuificha.

Linux iliyokuwa ukutani

Nilipokuwa nikipitia ruta nilikuta kinasa picha cha kamera kimefunguliwa mlango moja kwa moja kuelekea intaneti, ili bosi aweze kutazama kwa simu. Paswadi yake ilikuwa ile ya kiwandani.

"Ami, uliuliza habari za Linux. Unayo tayari."

"Wapi?"

"Ile pale, ukutani."

Vinasa vingi vya kamera na ruta nyingi za ofisini huendeshwa na Linux iliyopunguzwa, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Hakikuwa ndicho kilichotumika katika kisa hiki. Lakini kati ya vifaa vyote vya ofisi, hicho ndicho ambacho mtu wa mbali angeingia bila kumhitaji yeyote abofye chochote. Mwaka 2016 virusi vya Mirai vilikusanya jeshi la vifaa kama hivyo kwa kujaribu orodha fupi ya majina na paswadi za kiwandani, sitini hivi, basi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikivielekeza vivinjari kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi Marekani.

Hoja hiyo ilimwingia bosi kuliko zote nilizomweleza. Linux isiyosasishwa, yenye paswadi ya kiwandani, ilikuwa hatari kuliko Windows 7 iliyokuwa imezimwa.

Tulichoamua

Fidia haikulipwa. Barua pepe zilikuwa kwenye seva ya mbali, hivyo viambatisho vingi vilishushwa upya. Entri zilizokwisha kuwasilishwa zilikuwa salama kwenye mfumo wa forodha, ambao siku hizi unaingiwa kwa kivinjari. Hesabu ndizo zilizoumiza. Kilichopatikana kilikuwa nakala ya Juni kwenye flashi iliyosahauliwa ndani ya mkoba wa mhasibu, na Bi mhasibu aliziandika upya zilizobaki kutoka kwenye risiti za karatasi. Kwa kuwa nakala za vitambulisho vya wateja zilihusika, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilitaka Kamishna wa Data apewe taarifa ndani ya saa 72 tangu ofisi ilipojua. Bosi alisita, akiogopa sifa yake mjini, kisha akaandika.

Kwa upande wa mifumo, kalenda ilitubana. Windows 10 ilikuwa inafikia mwisho wake 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026, lakini kujenga ofisi upya juu ya mfumo unaoaga sikuona busara. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kati ya zile tano, tatu ni za kizazi cha sita na cha saba. Kuna hila za kuilazimisha Windows 11 ikae humo. Microsoft yenyewe inasema mashine kama hizo hazina dhamana ya kupata masasisho, na tatizo letu lote lilikuwa masasisho.

Kwa hiyo mbili mpya zaidi, ya mhasibu na ya bosi mdogo, zilifutwa zikawekewa Windows 11 yenye leseni iliyolipiwa, Defender ikiwa hai na kinga ya folda imewashwa. Tatu za zamani zikapewa Linux Mint 22, ambayo ina masasisho hadi 2029. Wanaozitumia hufanya karibu kila kitu kwa kivinjari. Mac ya bosi ilibaki. Ofisi sasa ina mifumo mitatu, na wapo mafundi watakaosema ni usumbufu kuitunza. Ni usumbufu. Lakini nilikuwa nimeikumbuka Maersk: kinachoangusha kompyuta ya kijana kesho hakitaiangusha ya mhasibu kwa pumzi moja.

Mengine yangefanyika hata kama zote zingebaki Windows, na nadhani yana uzito kuliko majina ya mifumo. Hakuna anayefanya kazi kwa akaunti ya msimamizi. Folda ya pamoja ina paswadi na kila mtu ana sehemu yake ya kuandika. Diski za akiba ni mbili, moja iko nyumbani kwa bosi, hubadilishwa Ijumaa na haikai imechomekwa. Kinasa cha kamera kimefungiwa ndani, paswadi mpya, programu yake imesasishwa. Barua pepe zinataka uthibitisho wa pili kwa simu.

Hilo la barua pepe lilizusha ubishi, wafanyakazi wakilalamika kwamba linawachelewesha. Nililing'ang'ania kwa sababu katika biashara ya kliaringi kuna wizi mwingine mkubwa: mtu huingia kwenye barua pepe, husoma mazungumzo kwa wiki kadhaa, kisha hutuma invoisi iliyobadilishwa namba ya akaunti ya benki. Hauhitaji kugusa kompyuta ya mtu, iwe ya mfumo gani.

Windows 7 bado ipo. Waya wake wa mtandao nimeutoa, kazi yake ni kuchapa tu, na faili huletwa kwa flashi inayopimwa kwanza kwenye kompyuta ya mhasibu. Bosi ameahidi kununua printa mpya mwakani. Kijana wa entri aliuchukia ule Mint kwa siku za mwanzo, kwa sababu skana ilikataa kutambulika. Ilipotiwa programu yake kutoka kwenye ghala, malalamiko yakahamia kwenye mwonekano wa fonti.